Kunanyesha, Lakini Wapi?

Nianze na ugomvi, maana ndio uliolichelewesha toleo hili. Makala mbili kati ya zilizomo zinadai kwamba ku- ya "kunanyesha", "kumekucha" na "kuna baridi" ni kiambishi kitupu, kimepachikwa tu ili kitenzi kisikose kiima, kama Waingereza wanavyopachika "it" yao. Nimezichapisha bila kupunguza neno. Sikubaliani nazo hata kidogo, na uhariri una faida hii moja: unasema kwanza.

Kilicho kitupu hakifuati mahali. Ku- hii inafuata. Aliyesimama Mwaloni Kirumba, Mwanza, alfajiri husema "hapa pana baridi"; aliyejikunyata chini ya turubai la mtumbwi, "humu mna joto"; anayenyoosha kidole upande wa Ukerewe, "kule kunanyesha". Ni zile zile ngeli za mahali tunazomfundisha mtoto wa shule. Kwa nini ziwe hai katika "pamejaa" na "mnanuka", halafu zife ghafla wingu linapotanda?

Ziwa Victoria lenyewe ni shahidi. Mvua zake nyingi huangukia majini usiku, pepo za kutoka nchi kavu zinapokutana huko katikati, hali mjini ni kukavu (kukavu, ndugu zangu, si kikavu). Mvuvi wa dagaa anayeuliza "kunanyesha?" kabla ya kuwasha taa zake anauliza habari za maji anayoyaendea. Akijibiwa "inanyesha", i- hiyo ni ya mvua. Ya ziwa hajajibiwa.

Halafu kuna "kumekucha", ambayo ina ku- mbili, jambo ambalo waandishi wote wawili wamelipita kimya. Ya ndani inabeba tu kitenzi cha silabi moja, kama katika "amekula". Anayetafuta utupu autafute hapo. Sema "kila kukicha" uone: ya ndani imedondoka, ya mwanzo iko kazini.

Nitaambiwa kwamba vijana wa Mwanza wanasema "hapa kuna joto" na pa- wameisahau. Kweli, kwenye daladala nasikia hivyo hivyo kila siku. Ku- imewameza ndugu zake. Hilo halijaifanya mfu.

Mwandishi mmoja amekwenda hadi kwa Wabaski kutafuta msaada, na kwa maoni yangu amerudi na silaha ya upande wangu. Wao husema "euria ari du", yaani mvua inanyesha, na du ni kitenzi saidizi cha vitendo vyenye mtenda na mtendwa, ingawa mtenda haonekani popote. Sisi je? "Nyesha" ni kauli ya kutendesha iliyotokana na -nya. Waumini bado wanasema Mungu ananyesha mvua, na Usukumani mtemi aliwajibika kwa mvua kiasi cha kuweza kuondolewa ikigoma. Kutomtaja mtenda ni jambo moja, kumkana ni jingine.

Kati ya makala zilizobaki, ile ya Kikerewe ni fupi na safi. Ile ya "kunyeshewa", ambapo mvua hung'olewa na aliyelowa akakaa kwenye kiima, isomwe na kila mwalimu wa kauli za vitenzi. Uchambuzi wa taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa umerefushwa kupita haja, ila umenasa jambo: "vipindi vya mvua na ngurumo vinatarajiwa katika maeneo machache" huanza na mvua na kuacha mahali mkiani. Anayetaka kujua kama asukume mtumbwi anahitaji mahali kwanza, na sarufi ya kumpa hivyo tunayo.

Kwa toleo lijalo nataka makala kutoka Nansio, Ukara na Kome, zenye sauti za watu zilizorekodiwa mwaloni. Sentensi zilizotungwa mezani nitazirudisha.