Mwacheni Napoleon na vifungo vyake!

Wasomaji wangu, kuna hadithi imenichosha. Kila lehemu isiyo na risasi inapotajwa, hakukosi mtu wa kutukumbusha kwamba Napoleon alishindwa Urusi mwaka wa 1812 kwa sababu vifungo vya bati vya askari wake viligeuka unga kwa baridi. Kisha anahitimisha: bati halifai, turudishieni lehemu yenye risasi. Nasema hapana!

Kwanza sayansi. Sizungumzii mabati ya paa. Yale ni chuma kilichopakwa zinki. Bati halisi lina sura mbili. Lile jeupe, linalong'aa na kukunjika, ndilo tunalolijua. Chini ya nyuzi 13.2 za Selsiasi, atomu zake huelekea kujipanga upya kwa mpangilio wa almasi, ule ule wa silikoni iliyo ndani ya tarakilishi yako. Atomu ni zile zile, ila zimeachana zaidi: bati huvimba kwa takriban asilimia 27, likapasuka na kuwa unga wa kijivu.

Je, Julai ikifika, simu ya mtu wa Limuru itageuka vumbi? Wapi! Nyuzi 13.2 ni mpaka tu. Bati jeupe linaweza kukaa chini ya mpaka huo muda mrefu sana bila kubadilika. Bati safi hugeuka kwa kasi likifika kama nyuzi 30 au 40 chini ya sufuri, na likichanganyika na risasi, bismathi au antimoni kidogo tu, hugoma. Vifungo vya 1812 vilikuwa safi kiasi gani? Tena jeshi lile lilikuwa limepoteza maelfu ya watu kwa njaa na maradhi hata kabla ya theluji.

Nakubali, lehemu mpya ina kasoro. Ya zamani huyeyuka kwa nyuzi 183. Ile ya bati, fedha na shaba hutaka kama 217, na fundi asipoangalia huchoma bodi. Bati pia huota vinywele vyembamba vinavyoweza kuleta shoti. Hizo ni hoja, tuzijadili. Baridi ya Urusi si hoja yetu.

Hoja yetu ni kwamba risasi ni sumu. Hudhuru ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Ulaya iliizuia katika vifaa vingi vya elektroniki tangu Julai 2006, ingawa kwa vighairi. Huku kwetu fundi hushika waya wa lehemu, kisha akala mahamri kwa vidole vivyo hivyo. Bodi kuukuu huishia jalalani na kuchomwa. Waulizeni wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri, wawaeleze risasi ni nini.

Anayetaka risasi irudi, na alete hoja ya leo, si vifungo vya 1812. Ama mwaonaje?