Bei Itajwe Langoni

Mgeni akishuka kwenye tuktuk mbele ya Ngome ya Yesu, hajamaliza kulipa nauli kashapata rafiki. "Karibu, njoo nikutembeze, habari ya pesa tutaongea baadaye." Wanazunguka Ndia Kuu, wanapita Msikiti wa Mandhry, wanarudi. Hiyo baadaye ikifika, inatajwa bei ya kumtoa mtu jasho, na ubishi unaanza papo hapo barabarani, wapita njia wakitazama. Mgeni atalipa kwa hasira au ataondoka bila kulipa. Akifika hotelini atawasimulia wenzake, na jina litakaloharibika ni la Mombasa, maana la yule kijana halijui.

Hatusemi vijana wasilipwe. Kuongoza wageni ni kazi ya halali, na wapo wanaoifanya kwa ujuzi wa kupigiwa mfano. Bila mtu wa kueleza, ngome ile ni kuta tu za mawe ya matumbawe. Anayejua historia yake na lugha mbili tatu za kuielezea ana haki ya kutoza, hata kutoza ghali. Lakini aseme bei kabla ya hatua ya kwanza, mgeni akubali au akatae. Anayesema "bure" huku moyoni ameshapiga hesabu, huyo anatega.

Kuna na biashara ya hadithi. Ndani ya ngome mna njia iliyochongwa katika mwamba kuteremkia baharini. Wareno waliihitaji ili wawe na mlango wa upande wa maji. Siku hizi mgeni huambiwa kwa sauti ya huzuni kwamba humo ndimo walimopitishwa maelfu ya watumwa, kwa sababu machozi hufungua pochi. Utumwa ulikuwepo pwani hii, na una historia yake nzito inayostahili kuelezwa kwa ukweli. Kuubandika kwenye kila shimo ili bakshishi iongezeke ni kuwadhulumu walioteseka.

Tena uongo wenyewe wa nini? Ngome ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, karibu miaka mitatu ya njaa na maradhi, ndipo wakaiteka. Waingereza wakaigeuza jela hadi 1958. UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2011. Mwenye bidhaa kama hiyo akaongeza chumvi, basi hajaijua.

Madukani nako hakujatulia. Sanduku lililotoka kwa fundi juzi linauzwa kuwa la zama za masultani. Vinyago vya mawe ya Tabaka, kule Kisii, vinaitwa kazi ya mikono ya Mji wa Kale, kana kwamba kutoka Kisii ni aibu. Zafarani ya kweli ni ghali popote duniani, kwa hiyo ukiona mfuko mzima kwa bei ya bizari, jua umeuziwa rangi. Fundi wa sanduku jipya angelisifia kwa upya wake, na mchongaji wa Tabaka angetajwa kwao, bado wanunuzi wangepatikana.

Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa hili hatukubaliani nao moja kwa moja. Muuza kahawa wa Mji wa Kale hugonganisha vikombe vyake njia nzima, na kahawa yake ni nzuri vilevile. Kutangaza si dhambi. Ila mlio wa vikombe hukuambia kahawa imefika, ukaonje mwenyewe. Haukuahidi kitu kisichokuwemo katika birika.

Sheria ipo. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa na huduma, na inalitaka Bunge litunge sheria ya matangazo ya haki, ya kweli na ya heshima. Sheria ya Kulinda Watumiaji ikaja mwaka 2012. Na kabla ya Katiba hiyo, mtaa huu wenye misikiti kila kona ulishafundishwa kisa cha Mtume aliyeingiza mkono katika lundo la nafaka sokoni, akakuta chini imelowa, akamkemea muuzaji kwa kuificha isionekane na watu. Hakuna mwenye duka asiyekijua.

Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na Kaunti ya Mombasa wana la kufanya, wala halihitaji bajeti kubwa. Kiwekwe kibao kando ya lango, kwa Kiswahili na lugha za wageni, kikionyesha malipo ya mwongozaji kwa saa, na kila mwongozaji aliyesajiliwa avae kitambulisho chenye picha. Mgeni asome kabla ya kuingia. Wenye maduka nao waandike bei juu ya bidhaa na mahali ilikotengenezwa. Msimu wa watalii wa Desemba usitukute bado tunalijadili hili.