Muuza Vitabu Anajua Nani Kasoma Nini

RAFU YA JUU
Na Mwanaisha Bakari Shee

Katika duka moja la vitabu vikuukuu huko Brooklyn, kitabu kinatoweka rafuni. Baada ya muda kimerudi mahali pake. Kisha kinatoweka tena. Hakina thamani ya kumtamanisha mtu: ni barua na hotuba za Oliver Cromwell zilizokusanywa na Thomas Carlyle, kitabu kizito ambacho mwizi mwenye akili zake angekiruka. Mwenye duka, Roger Mifflin, anastaajabu tu. Anayeanza kuunganisha mambo ni kijana wa kampuni ya matangazo: ameona gazetini tangazo la kitabu kilichopotea, amelikuta jalada lake kwenye duka la dawa, na kuna mpishi wa hoteli ambaye habari zake hazimwingii akilini. Wakati huo Rais Woodrow Wilson anajitayarisha kuvuka bahari kwenda Ufaransa kwenye mkutano wa amani, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Hiyo ni The Haunted Bookshop, riwaya ya Mmarekani Christopher Morley ya mwaka 1919. Siri yake siimwagi hapa, maana bado inastahili kusomwa. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba fumbo lile lisingewezekana kwenye duka la nguo wala la nyama. Linahitaji mahali ambapo watu wasiojuana huingia, husimama kwa muda mrefu bila kuulizwa wanataka nini, hushika vitu na kuvirudisha, na hakuna anayeona ajabu.

Tangu hapo mpelelezi mwenye duka la vitabu amekuwa mtu wa kawaida kwa wasomaji wa Kiingereza. Lawrence Block alimpa duka mwizi wake Bernie Rhodenbarr mwaka 1979, akamweka New York. Mwaka 1987 Carolyn Hart akaandika Death on Demand, ambamo Annie Laurance anauza riwaya za upelelezi kwenye kisiwa cha pwani ya South Carolina. Waandishi wamekusanyika dukani kwake jioni, mmoja wao ametangaza kwamba atazianika siri za wenziwe, taa zinazimika, na zinapowaka yeye ni maiti. Mkuu wa polisi wa kisiwani anamgeukia mwenye duka. Annie hachunguzi kwa kulipwa wala kwa kutumwa. Jina lake limechafuliwa, na duka lililofiwa na mtu mbele ya wateja halitauza tena mpaka ukweli ujulikane. Ndiyo maana nampenda mpelelezi wa aina hii: analazimika kutafuta haki kwa sababu atabaki kuishi pale pale, na majirani wale wale.

Kwa Kiswahili sijakutana na hata mmoja. Na hilo linaniuma, kwa sababu upelelezi wa mtaani sisi tulianza nao.

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alifanya kazi katika idara ya afya akiwa mkaguzi, kazi ya kupiga hodi kwenye nyumba za watu na kutazama vile ambavyo wenyewe wasingependa vitazamwe. Baadaye akawa mhariri wa magazeti. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957-58, ikachapishwa mwaka 1960. Mtu ameuawa, mwili umekutwa mahali pa mizimu, na wako walio tayari kuamini kwamba mizimu imefanya kazi yake. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni na rafiki yake Najum ubavuni, anautafuta mkono wa binadamu. Hana cheo cha polisi. Ana macho, ana subira ya kusikiliza, na anajua jinsi watu wa Unguja wanavyosema jambo kwa kulizunguka. Zikafuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974 na nyingine, mpaka Kosa la Bwana Msa mwaka 1984.

Wachambuzi wamekwisha kueleza kwamba Bwana Msa ana damu ya Sherlock Holmes. Ni kweli, lakini mimi namwona karibu zaidi na Miss Marple wa Agatha Christie, bibi wa kijijini aliyepewa riwaya yake ya kwanza mwaka 1930. Wote wawili wanaushinda uovu kwa sababu wanazijua nasaba, ndoa, chuki za zamani na mali za watu wanaowazunguka.

Kisha upepo ukageuka. Faraji Katalambulla alituletea Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, na Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango. Vitabu vile vilipita mkono hadi mkono mpaka kurasa zikalegea. Vilikuja wakati mapambano ya ukombozi wa kusini mwa Afrika yalipokuwa moto, na vijana wakataka shujaa anayepanda ndege, anayepiga bastola na kuwatoroka makaburu. Sina ugomvi navyo. Vilifundisha watu wengi kusoma kwa raha. Lakini vilipotamalaki, mlango ukafungwa kwa mpelelezi mwanamke, kwa mzee, kwa mfanyabiashara mdogo, kwa mtu ambaye hajawahi kushika silaha. Tukaanza kuamini kwamba upelelezi ni mbio na risasi.

Wako wanaozibeza riwaya za upelelezi tulivu kwamba ni nyepesi. Raymond Chandler alizishambulia mwaka 1944 katika insha yake The Simple Art of Murder: aliona mafumbo ya Kiingereza ni ya kubuni mno, na mauaji yanapaswa kurudishwa kwa watu wanaoua kweli, kwa sababu zao za kweli. Namheshimu, lakini kwa hili alikosea. Sehemu kubwa ya maovu ninayoyasikia katika mitaa yetu hayafanywi na majambazi. Hufanywa na ndugu juu ya kiwanja, na mtoto aliyechoka kumngoja babake, na mshirika wa biashara aliyeficha hesabu. Mauaji ya nyumbani yana sababu za nyumbani, na anayezijua si mtu wa bastola.

Sasa fikiria duka la vitabu la Mombasa. Nyuma ya kaunta yupo mama wa makamo. Anauza misahafu na juzuu, vitabu vya kiada, daftari, kalamu, na kwenye rafu ya nyuma riwaya za mtumba zenye majina ya wenyewe wa zamani kurasa za mbele. Januari wazazi wanajaa na orodha za shule. Huyu analipa nusu, yule anasema niwekee mpaka mwisho wa mwezi, na yote yameandikwa kwenye daftari la madeni. Mama huyu anajua nani kafilisika kabla ya mkewe kujua. Anajua nani alilipa deni la miaka miwili kwa noti mpya siku moja. Anajua mke aliyekuja kuulizia kitabu cha sheria za mirathi wiki mbili kabla ya mumewe kufariki ghafla. Je, alikuwa anapanga, au alikuwa anaogopa? Tayari riwaya imeanza.

Kuna pia jambo la fedha, ambalo mwandishi asilipite. Tangu Januari 2018 serikali ya Kenya imekuwa ikipeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni kutoka kwa wachapishaji, na maduka yakabaki pembeni. Shabaha ilikuwa kila mwanafunzi apate kitabu chake, na siipingi. Lakini kwa mwenye duka dogo ilikuwa pigo. Akiletewa kitabu chenye muhuri wa mali ya serikali kwa bei ya kutupa, muuzaji mwaminifu ana mashaka mawili papo hapo: kimetoka ghala gani, na huyu aliyekileta ametumwa na nani. Mwizi wa vitabu vya shule ni mwovu wa kutosha kwa riwaya nzima, na kila mzazi atamwelewa.

Ila ugumu mkubwa wa riwaya hii ndio utakaoifanya iwe yetu, nao ni sitara. Miss Marple akikusanya watu sebuleni na kuanika siri ya kila mmoja, Waingereza wale huona aibu kidogo, kisha chai huendelea. Kwetu kumvua mtu nguo mbele za watu ni dhambi yenyewe. Tumelelewa kwamba aibu ya jirani hufunikwa. Mama wa dukani akigundua kwamba marehemu alikuwa na nyumba ya pili, au binti wa fulani aliandika barua isiyofaa, atasema? Akisema, amevunja heshima ya watoto wasio na hatia. Akinyamaza, mwenye damu mikononi anaendelea kuswali safu moja na wenziwe. Fumbo la nani kaua linakuwa pia fumbo la namna ya kusema. Najua waandishi wa pwani wanaoweza kulibeba jambo hilo kwa lugha inayostahili, yenye mafumbo na heshima, kuliko mwandishi yeyote wa Kiingereza.

Na kuna mazishi. Miongoni mwa Waislamu maiti haicheleweshwi: anayefariki asubuhi mara nyingi amezikwa kabla ya jua kuchwa. Mpelelezi wa London ana mwili hospitalini na daktari wa kuupasua. Wetu, shaka ikimjia siku ya tatu, wakati wa hitima, mwili uko chini ya ardhi, na kuufukua kunataka amri ya mahakama na moyo mgumu wa familia. Ushahidi uliobaki umo katika kumbukumbu za waliomwosha marehemu, na hao nao wamefungwa na amana ya kutosimulia walichokiona. Mama wa dukani atamwendea vipi mwosha maiti? Kwa hodi gani, kwa maneno gani? Hapo ningesoma usiku kucha.

Onyo moja kwa atakayejaribu. Nyingi katika riwaya za Kiingereza za siku hizi zinaweka duka, paka na keki juu ya jalada, kisha ndani duka halina kazi yoyote. Ungelibadilisha liwe la maua na hadithi isingetikisika. Hizo zinachosha haraka. Kwa Morley kitabu chenyewe ndicho ushahidi. Vivyo hivyo kwetu, daftari la madeni, jina lililofutwa ukurasa wa mbele, risiti iliyotumiwa kuwa alamisho, vifanye kazi ya kumpata mkosaji. Visiwe mapambo.

Wachapishaji wetu wana mchango wao katika pengo hili. Macho yao yako kwenye vitabu teule vya shule, na riwaya ya mtu mzima anayetaka kusoma kwa starehe hungoja foleni bila kuitwa. Tuzo zipo: ile ya Safal-Cornell, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea miswada ya Kiswahili, na ile ya Jomo Kenyatta nayo ina kitengo cha Kiswahili. Nawaomba waandishi wapeleke huko upelelezi, bila kuona kwamba ni kazi ya daraja la chini. Mzimu wa Watu wa Kale ulitoka katika shindano.

Na wewe msomaji, wiki hii pita duka la vitabu lililo karibu nawe, uulizie riwaya ya Bwana Msa. Wasipokuwa nayo, waombe wakuagizie, uache jina na namba yako. Duka likiulizwa kitabu kimoja na watu wengi, huagiza; na mchapishaji akiona maagizo, huchapa.