Aibu ya Kushuka Daraja Tusiifiche

Jioni moja barazani kwetu Malindi palizuka ubishi wa kandanda. Kijana mmoja, shabiki wa Arsenal, alikuwa akitamba kwamba timu yake haijacheza daraja la pili tangu 1919. Mwenzake wa Manchester United akajibu kwamba yake nayo haijapata kushuka hata siku moja. Mzee aliyekuwa akinywa kahawa yake kimya akaweka kikombe chini, akasema: "Mwanangu, nyinyi mlishuka 1974. Tena Denis Law, aliyekuwa mtu wenu, ndiye aliyewafunga kwa kisigino, amevaa jezi ya City." Kijana alitoa macho. Jezi ya timu ameivaa, na habari hiyo hakuwa nayo.

Sote tulicheka. Lakini njiani nikirudi nyumbani nilijiuliza swali lililonikata kicheko. Ni nani katika baraza ile angeweza kuitaja siku timu ya mtaa wetu wenyewe iliposhuka? Mimi naijua siku hiyo. Nimeinyamazia miaka mingi, na leo nataka kuisema.

Ilikuwa zama zile za ligi za mikoa. Mchezo wetu wa mwisho ulikuwa Kilifi, na mfadhili alikwisha jitoa katikati ya msimu. Tulipitisha kofia tukachanga nauli ya matatu. Asubuhi wachezaji waliotokea stendi walikuwa wanane tu; wengine walichoka kucheza kwa ahadi. Sheria ya kandanda inakataza mchezo iwapo timu ina watu chini ya saba, kwa hiyo wanane wetu waliruhusiwa kuingia uwanjani. Kufika mapumziko tulikuwa tumefungwa mabao matano. Yaliyofuata sikuyaona, kwa sababu niliondoka.

Sikuondoka peke yangu. Tulikuwa mashabiki wachache, na wengi wetu tulitafuta gari la kurudi Malindi kabla ya kipindi cha pili. Jioni vijana waliporejea hapakuwa na mtu wa kuwapokea. Kesho yake barazani hakuna aliyeuliza matokeo. Tulidhani tunawastahi, kumbe tulikuwa tunawazika. Msimu uliofuata timu haikuandikishwa, na mpaka leo haijarudi. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Ndugu msomaji, sidai kwamba yaliyotupata sisi hayajawapata wengine. Watazame jirani zetu wa Tanga, watu wa pwani kama sisi, ambao wengi wetu tuna ndugu huko. Mwishoni mwa msimu wa 2015/16 timu zote tatu za mji wao zilizokuwa ligi kuu zilishuka kwa pamoja: Coastal Union, African Sports na Mgambo. Kwa Coastal Union uchungu ulizidi, maana hao ndio Wagosi wa Kaya, timu iliyozaliwa 1948 na kuchukua ubingwa 1988. Mkwakwani, uwanja uliozoea kupokea vigogo wa Dar es Salaam, ukabaki bila hata timu moja ya ligi kuu.

Baada ya msiba huo nilikutana Mombasa na mtu wa Tanga. Nilidhani angependa tuzungumze mambo mengine. Hata! Alinihesabia mechi walizopoteza moja baada ya moja, nani alikosa bao na kiongozi gani alilala, kama mwenye duka anayesoma daftari la madeni. Nilimwona ana kichaa kidogo. Sasa namwelewa. Anayelihesabu deni lake anakusudia kulilipa. Coastal Union walirejea ligi kuu msimu wa 2018/19. Wenzao wawili hawakurudi pamoja nao. Katika msimu wa 2023/24 Wagosi walimaliza nafasi ya nne, wakapata tiketi ya Kombe la Shirikisho la Afrika.

Hata hapa Kenya mfano upo. AFC Leopards, timu iliyoitikisa Afrika Mashariki na Kati miaka ya 1980, nayo ilianguka kutoka ligi kuu. Mashabiki wake hawakuhamia kwa jirani. Timu ilirudi 2009, na mwaka huo huo ikabeba kombe la taifa.

Najua atakayenijibu kwamba kumbukumbu hailipi nauli. Ni kweli. Timu bila fedha haiendi mbali, na Bandari ya Mombasa, yenye shirika la bandari nyuma yake, imetuonyesha tofauti: ilishika nafasi ya pili katika ligi 2018 na tena 2018/19, ikachukua ngao 2019. Lakini mfadhili huja na huondoka. Anayebaki ni shabiki, na shabiki asiyekumbuka ni mtazamaji tu.

Hata ushindi haujilindi wenyewe. Ligi ya taifa ya Kenya ilianza 1963, na mwaka 1965 ubingwa ulikuja Pwani, kwa Feisal ya Mombasa. Waulize vijana wetu leo kuhusu Feisal, uone wangapi watakujibu. Waulize habari za Ali Kajo, mtoto wa Mombasa aliyekwenda Cameroon na timu ya taifa katika Kombe la Afrika la 1972. Ikiwa mabingwa tumewasahau, wanane wa Kilifi watakumbukwa na nani?

Mmoja wa hao wanane bado yupo Malindi. Siku hizi anauza samaki. Nimenunua kwake mara nyingi, na kila mara tumesemezana habari za bei na za bahari. Baada ya ubishi ule wa barazani nilijikaza nikamwuliza matokeo ya siku ile yalikuwa nini. Alinitazama kitambo. "Tisa kwa moja," alisema. "Na lile moja nililifunga mimi."

Miaka yote hiyo sikujua kwamba tulipata bao. Vijana wanane, wamekwisha fungwa matano, wametupwa na watu wao, wakaendelea kucheza mpaka wakafunga. Hiyo ndiyo habari ambayo ingeweza kuirudisha timu yetu, nami niliiacha uwanjani nikakimbilia gari.

Basi rai yangu ni ndogo. Kila timu ya mtaa, tangu Malindi hadi Kilifi na Mtwapa, iwe na daftari moja. Yaandikwe humo majina ya wachezaji na matokeo yote, ya kushinda na ya kufungwa, na siku ya kushuka iandikwe kwa wino ule ule. Wazee wayasimulie barazani bila haya. Na timu ikirudi jioni imefungwa, watu wajitokeze stendi kuipokea. Arsenal na Manchester tutaendelea kuwatazama, hakuna ubaya. Wao wana watu wengi wa kuwaandikia historia yao. Vijana wetu wana sisi tu.