Chema hakijiuzi, huandikiwa barua

Wazee wetu walitulea na msemo kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Huenda ni kweli sokoni. Katika kutafuta kazi, mpenzi msomaji, chema huweza kulala kwenye droo ya afisa wa wafanyakazi hadi karatasi ibadilike rangi, huku cha wastani kilichojieleza vizuri kikiitwa kwa mahojiano.

Majuzi jirani yangu, mama wa watoto watatu, alinijia na bahasha ya kaki iliyovimba. Ndani mlikuwa na vyeti vya bintiye: KCSE, diploma ya uhasibu, na rundo la nakala za barua moja ya kuomba kazi. Mwaka mzima binti huyo alikuwa akituma barua hiyo hiyo, mara kwa baruapepe, mara akiipeleka mwenyewe hadi kwenye malango ya viwanda. Hakuna aliyemjibu. Sasa mama alitaka kuuza cherehani yake, ambayo ndiyo riziki ya nyumba ile, ili amlipie kozi nyingine.

Niliisoma barua yenyewe. Tahajia ilikuwa safi. Ilisema mwandishi ni mchapakazi, mwaminifu na anayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Sasa hebu kalia kiti cha anayeisoma. Mezani ana barua mia mbili, zote za wachapakazi waaminifu. Mimi sijaona hata siku moja mtu akiandika kwamba yeye ni mvivu.

Nikamwita binti, nikamuuliza amekuwa akifanya nini tangu amalize chuo.

"Nimekaa tu, anti."

Kumbe wapi! Kidogo kidogo ikajitokeza kwamba kwa miezi 8 alikuwa akimsaidia mjomba wake katika duka la vifaa vya ujenzi. Kila jioni alilinganisha malipo ya M-Pesa na daftari la mauzo, na ni yeye aliyegundua kwamba saruji ilikuwa ikitoka bila kuandikwa. Isitoshe, ndiye anayeweka hesabu za chama cha mamake.

"Mbona hayamo baruani?"

"Hiyo si kazi, anti. Nilikuwa silipwi."

Hapo ndipo vijana wetu wengi wanapojinyima. Mwajiri hana haja ya kujua ulilipwa ngapi. Anatafuta dalili kwamba akikuachia daftari lake hutaliharibu, na dalili hiyo haipatikani katika sifa unazojipa bali katika jambo ulilolitenda, likiwa na mahali pake na muda wake. Tukaketi tukaiandika upya, ukurasa mmoja tu, kwa kampuni moja tu: muuzaji wa jumla wa vifaa vya ujenzi aliyetangaza nafasi ya karani wa hesabu. Sentensi ya kwanza ilitaja nafasi hiyo. Ya pili ikataja duka, miezi 8 na ile saruji. Mtu anayeuza saruji hawezi kuipita sentensi kama hiyo.

Kwa mafundi mambo ni yayo hayo, ila ushahidi ni mwingine. Kijana aliyejifunza uchomeleaji au umekanika kwenye jua kali bila cheti anaweza kutahiniwa na NITA, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza. Awe pia na picha za kazi zake kwenye simu, lango kabla na baada, maana lango lililonyooka halihitaji maelezo mengi.

Na kuhusu simu, kunradhi nikiwakera vijana. Ukishatuma maombi, pokea nambari usizozijua, tena kwa heshima. Waarifu mapema wale uliowataja kuwa warejelewa wako. Nimewahi kumwona mwajiri akimpigia mrejelewa, naye akauliza, "Nani huyo?" Mazungumzo yaliishia hapo.

Nirudi kwa cherehani. Mama aliogopa pia gharama za vyeti vile ambavyo matangazo mengi huvitaja: cha maadili mema kutoka DCI, cha ushuru kutoka KRA, cha HELB na vinginevyo. Nikamweleza kwamba mwaka 2022 Sheria ya Uajiri ya 2007 ilirekebishwa, na sasa mwajiri anaweza kuitisha vyeti vya aina hiyo kwa yule tu anayekusudia kumwandika kwa mkataba. Wapo ambao bado huvidai mapema, lakini si lazima familia iingie deni kabla hata ya kujua kama mtoto ataitwa. Na akitokea mtu anayedai "ya chai" ili akupitishie maombi, huyo hana kazi ya kukupa. Hata Tume ya Utumishi wa Umma haimtozi mwombaji ada.

Barua mpya ilipelekwa Jumatatu. Ijumaa simu ikalia, na binti akaipokea mlio wa pili. Mahojiano ni Alhamisi ijayo saa tatu asubuhi. Anafanya mazoezi ya kuisimulia ile hadithi ya saruji kwa dakika mbili bila kumtaja mjomba kwa ubaya, na cherehani ya mamake ingali inanguruma ukutani kwangu ninapoandika haya.