Panya Hapulizi

Panya wa nyumbani ana makosa mengi, lakini moja amesingiziwa. Husemwa kwamba huuma huku akipuliza, ndiyo maana aliyelala haamki. Uongo huo umekomaa hata ukazaa msemo: mnafiki huambiwa anauma na kupuliza. Kama msemo, sina ugomvi nao. Kama elimu ya afya, ni sumu.

Panya hana dawa ya ganzi kinywani, wala pumzi yake haitulizi maumivu. Alicho nacho ni meno ya mbele yasiyokoma kukua, makali kama patasi. Akimtafuna kidole mtu mwenye hisia kamili, mtu huyo ataruka kitandani. Basi asiyeamka ana nini? Hilo ndilo swali ambalo hadithi ya kupuliza hutuzuia kuliuliza.

Mwaka 1986, nikiwa mwalimu mkuu, mwanafunzi wa darasa la sita alikuja na kidole cha mguu kilichotafunwa. Huku kwetu Mkumbi tunalala nyumba moja na mahindi, na panya si mgeni. Nikamwambia, "Panya wamekupuliza, mwanangu. Mwambie baba atege mtego." Darasa likacheka, nami nikacheka, mimi niliyesomea ualimu na kufundisha sayansi! Mtego ukategwa, panya wakafa, vidonda visipone. Miezi mingi baadaye hospitali ikagundua ukoma. Mguu ulikuwa umekufa ganzi zamani. Dawa mseto zikamponya ugonjwa, lakini vidole havikurudi.

Msiniambie ukoma ni habari za kale. Nchini mwetu wagonjwa wapya bado hugunduliwa kila mwaka. Tena kisukari nacho huua hisia za miguu. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam waliandika juu ya wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni.

Tegeni mitego, na mahindi yahifadhiwe vizuri. Lakini ukiamka umetafunwa bila kujua, usimsake panya peke yake. Fumba macho, mwenzako akuguse unyayo kwa unyoya. Usipousikia, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo; dawa za ukoma hutolewa bure. Panya hakukupuliza. Amekuonyesha ugonjwa ambao sisi, kwa kicheko chetu, tungeuficha.