Ulinzi wa Pikipiki ni Sehemu ya Bei Yake

Ni nadra siku hizi kumpata mtu asiyemjua kijana aliyeibiwa pikipiki. Na wengi hawakuibiwa usiku wa manane. Waliibiwa mchana kweupe, watu wakipita. Mmoja aliingia benki kutoa fedha, mwingine alimsaidia abiria kupandisha mizigo ghorofani, wa tatu alikuwa safuni katika swala ya Ijumaa. Waliporudi hawakuikuta. Wakauliza kwa muuza chipsi, wakauliza kwa fundi viatu, na jibu likawa lile lile: tulidhani aliyeichukua ni mwenyewe.

Jambo ninalotaka kulisema leo ni hili: tunanunua pikipiki bila kununua ulinzi wake, kisha tunalia tukiibiwa. Mtu huyo huyo aliyetoa milioni mbili na nusu na zaidi kununua Boxer au TVS mpya, akanunua na kofia ngumu, akanunua kava la kiti lenye nakshi, akaandikisha maneno mazuri kwenye kikinga tope, ukimwuliza mnyororo uko wapi atakuonyesha ufunguo. Kwake ufunguo ndio ulinzi. Hapo ndipo hasara yake ilipoanzia, siku ile ile aliyoitoa pikipiki dukani.

Tuutazame ufunguo huo na loki yake ya usukani. Loki ya usukani ni kipande kidogo cha chuma kinachozuia usukani usigeuke, basi. Haimzuii mtu kuinyanyua pikipiki. Pikipiki zetu nyingi za biashara zina uzito wa kilo mia moja na kitu. Wanaume wawili wenye miili ya kazi huipandisha kwenye kirikuu kabla hujamaliza kuhesabu fedha zako pale dirishani. Na kama hawakuja na gari, swichi ya pikipiki iliyotumika miaka miwili mitatu huwa imelegea kiasi kwamba ufunguo malaya huizungusha. Wapo hata madereva wanaochomoa ufunguo injini ikiendelea kunguruma, wakachekea jambo hilo kijiweni. Hilo si la kuchekea. Swichi ya namna hiyo haifungi kitu, na bei ya kuibadilisha ni ndogo mno ukiilinganisha na kile inacholinda.

Mwizi anaogopa vitu viwili tu, muda na macho ya watu. Kufuli lisilovunjika halijatengenezwa. Grenda ya betri hukata karibu kila chuma kilichoko mtaani. Lakini grenda hupiga kelele na kutoa cheche, na mwizi anayehitaji dakika tano mbele ya watu ataiacha ya kwako aende kwa yule asiyefunga kitu. Kwa hiyo anayesema kwamba mnyororo hausaidii kwa sababu unakatika amekosea swali. La kuuliza ni kama utakatika kwa muda ambao mwizi anao.

Hapa niruhusiwe kukaa kidogo, maana wengi wanaonunua mnyororo hununua ule wa kufungia mbwa. Mnyororo wa chuma laini, mwembamba kama kidole cha mtoto, hukatwa na mkasi wa vyuma mara moja, bila kelele. Unaofaa ni wa chuma kigumu kilichopikwa maalumu kwa kazi hiyo, wenye pingili nene za milimita 12 au zaidi, na kufuli la aina hiyo hiyo. Hakuna maana ya mnyororo mnene unaoshikwa na kufuli la sanduku la shule. Tuseme vyote viwili vimekugharimu shilingi 60,000. Hiyo ni hesabu ya wiki moja ambayo dereva wa mkataba humpelekea tajiri wake, mwenye pikipiki. Wiki moja tu, kulinda kazi ya mwaka mzima.

Kisha namna ya kuufunga. Usiuzungushe kwenye tairi la mbele peke yake, kwa sababu tairi la mbele hufunguliwa kwa spana na pikipiki ikaondoka bila hilo. Upitishe kwenye fremu yenyewe, au kwenye kile chuma kinachoshika tairi la nyuma, halafu uufunge kwenye kitu ambacho hakihamishiki: nguzo, mti wenye shina nene, nondo za dirisha, geti la chuma. Pikipiki iliyofungwa tairi kwa tairi bila kushikwa na kitu bado inanyanyulika. Wala usiuache mnyororo ukalala chini, kwani ukigusa sakafu mwizi anapata mahali pa kuegemeza mkasi wake au pa kuupigia nyundo. Uvute juu, ukaze, na tundu la kufuli litazame chini lisiingie mvua na mchanga. Na mtu asikudanganye kukuuzia kufuli la kubana diski ya breki kabla hujaitazama pikipiki yako; Boxer nyingi zilizoko barabarani hazina diski, zina breki za ndani ya rimu.

Nyumbani mambo ni magumu zaidi, hasa kwetu tunaoishi nyumba za kupanga. Uani hakuna ukuta, geti hakuna, na kila mpangaji ana wageni wake. Wengi huingiza pikipiki ukumbini usiku, na mimi siwalaumu, ila nawasihi wafunge koki ya mafuta na wasiiweke karibu na jiko la mkaa au la gesi, kwa kuwa mvuke wa petroli hauhitaji zaidi ya cheche kuiteketeza nyumba pamoja na waliolala. Kwa anayelazimika kuiacha nje, dawa ipo na si ghali: aombe ruhusa ya mwenye nyumba, achimbe shimo karibu na dirisha lake, akunje nondo nene iwe pete, aizamishe katika zege na kuacha pete hiyo juu ya ardhi. Kilo chache za saruji na kazi ya nusu siku. Wapangaji watatu wenye pikipiki wakichangia, kila mmoja atatoa kidogo sana. Juu ya hayo, aifunike pikipiki kwa turubai, kwa kuwa mwizi apitaye huchagua anachokiona.

Nimetaja macho ya watu. Hapa mawaidha yangu si kwa mwenye pikipiki tu. Angalia mahali pikipiki zinapoibwa: msikitini, kanisani, msibani, harusini, hospitalini saa za kuona wagonjwa. Sababu iko wazi, mwizi anajua utakuwa ndani kwa saa nzima na hutatoka. Kamati za misikiti na makanisa zinaweza kabisa kutenga eneo moja la kuegesha, badala ya kila mtu kuegesha kichochoroni kwake, na kumlipa mtu asiye na wajibu wa ibada saa hiyo akae na daftari na vibati vya namba. Kila mwenye pikipiki akitoa shilingi 500, mlinzi amepata riziki na waumini wameswali kwa utulivu. Kwenye misiba tunachangishana mchele na maharage. Tushindweje kuwapa vijana wawili zamu ya kulinda vyombo vya waliokuja kutuhani?

Wapo watakaoniambia kwamba kilichoandikwa hakifutiki, na aliyeandikiwa kuibiwa ataibiwa hata akiifunga kwa minyororo saba. Maneno haya husemwa kwa sauti ya imani, lakini sidhani kama imani ndiyo inayoyasema. Waislamu wanaijua vizuri habari ya mtu aliyemwuliza Mtume kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu, naye akafundishwa amfunge kwanza, ndipo ategemee. Kumtegemea Mungu huja baada ya kamba. Anayeiacha pikipiki wazi na kusema amemwachia Mungu amekwepa wajibu wake mwenyewe.

Sasa nije kwa matajiri, yaani wamiliki wanaowapa vijana pikipiki kwa mkataba. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoiingiza pikipiki rasmi katika biashara ya kubeba abiria nchini Tanzania, mkataba umekuwa mlango wa maelfu ya vijana wasio na mtaji. Kijana huleta hesabu, shilingi 7,000, 8,000 au 10,000 kwa siku, mvua inyeshe, jua liwake, mwaka mzima au zaidi, hadi pikipiki iwe yake. Ikiibwa mwezi wa kumi, miezi yote hiyo imekwenda na maji. Zaidi ya hapo, wengine hulazwa mahabusu kwa sababu mwenye pikipiki ameshuku kwamba dereva alikula njama na wezi. Inawezekana wapo wanaofanya hivyo, lakini kumshuku kila aliyeibiwa ni dhulma, na dhulma hiyo inazaliwa na mkataba ulionyamaza.

Mikataba mingi inataja hesabu, inataja matengenezo, inataja siku ya kumaliza. Wizi hautajwi. Napendekeza, tena kwa msisitizo, kwamba kila mkataba uandikwe mambo matatu: tajiri atatoa mnyororo na kufuli pamoja na pikipiki, dereva atawajibika kuifunga kila anapoiacha na kuilaza mahali walipokubaliana, na ikiibwa hali imefungwa kama ilivyoagizwa, hasara watagawana kwa kiwango kilichoandikwa. Waende kwa mtendaji wa mtaa, wasaini mbele ya mashahidi. Tajiri asiyetaka kutoa fedha ya mnyororo hana haki ya kumtupia kijana hasara yote.

Suala la bima linahusika hapo hapo. Wengi wana bima ndogo, ile ambayo trafiki huiulizia barabarani, nao hudhani wamejikinga na kila balaa. Bima hiyo humlipa mtu mwingine uliyemdhuru au kumharibia mali yake. Pikipiki yako ikiibwa hailipi senti. Inayohusu wizi ni bima kubwa, na mwenye pikipiki tano za mkataba angefanya busara kukaa na wakala akapiga hesabu, asome pia masharti ya mahali chombo kinapolala.

Vifaa vya GPS navyo vimeenea, na ninaviunga mkono. Kifaa hicho hutumia laini ya simu kukuonyesha chombo kilipo, na baadhi yake huweza kuizima injini kwa mbali. Lakini laini bila salio imekufa, na kifaa kilichofichwa chini ya kiti hupatikana na kila mwizi, kwa kuwa hapo ndipo anapoanza kutafuta. Fundi unayemwamini akifiche kwingine, na pasijulikane na kijiwe kizima. Ikishaibwa na ukaiona kwenye simu imesimama mahali, usikimbilie huko na kundi la vijana wenye mawe na petroli. Pita kituoni, chukua RB, yaani namba ya taarifa yako, nenda na askari. Tumeshaona mara nyingi mno watu wakichomwa moto kwa sababu ya pikipiki, na baadaye ikajulikana kwamba aliyechomwa hakuwa mwizi. Hakuna chombo chenye thamani ya damu ya mtu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Pikipiki ngapi zinatembea na kadi yenye jina la mmiliki wa kwanza, aliyeiuza miaka minne iliyopita na sasa hajulikani aliko? Siku ya kuibiwa utakwenda polisi na kadi ya mtu mwingine, na utaanza kuthibitisha kwamba wewe mwenyewe si mwizi. Badilisha umiliki TRA mara unaponunua. Ipige picha kadi, ipige picha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu na namba ya injini ubavuni mwake, uzitume kwa ndugu yako zibaki kwenye simu yake pia. Mara kwa mara makamanda wa polisi wa mikoa huonyesha pikipiki walizozikamata na kuwaita wenyewe waje kuzitambua. Sahani za namba huwa zimeshang'olewa, rangi imebadilishwa. Kinachobaki ni namba ya chesisi, na asiyeijua ya kwake atarudi nyumbani kwa miguu.

Na mwisho nimgeukie mnunuzi, maana bila yeye hakuna biashara. Pikipiki iliyoibwa leo Mbagala au Buguruni haiibwi ili mwizi aiendeshe. Inakwenda wilaya ya mbali kuuzwa kwa nusu ya bei, au inafunguliwa vipande vipande usiku huo huo na kuuzwa kama spea zilizotumika: injini huku, tangi kule. Anayenunua kwa bei ya kushangaza na kujifanya hajui amemtuma mwizi. Sheria nayo inamtazama hivyo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha 311, inamhesabu anayepokea mali akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa kuwa mtenda kosa kama alivyo aliyeiiba.

Nawaomba basi, ndugu zangu, anayewaletea pikipiki bila kadi, au kadi ambayo namba yake hailingani na ile iliyoko kwenye shingo ya fremu, mwambieni mwende wote kwa mtendaji mkaandikishane. Akikataa, msinunue hata akishusha bei mara tatu, na pigeni simu polisi, namba 112, kabla hajafika kwa mnunuzi mwingine.